Wanja wa Arobaini

Majengo, Thika
6 Machi 1996

Kwa mwanangu Firdaus, mama Irshad,

Assalaam alaykum. Hujambo? Na kama hujambo, mbona huandiki? Tangu Idi nimekaa nangoja, nikadhani Munyao ameacha kuleta mkate Thika. Kumbe kila Jumatano na Jumamosi anapita hapa na gari lake, anauliza, "Mama, uko na barua ya Ruiru?" Ya kupeleka ninayo. Ya kupokea hakuna. Mimi mwanamke wa ngumbaru, niliyeshika kalamu nikiwa na mvi, najaza ukurasa, na wewe uliyemaliza kidato cha nne unaniletea salamu za mdomo. Haya.

Sisi tupo. Goti la kushoto linaniuma kuliko mwaka jana, na mvua bado haijaanza, sijui ikianza nitakwenda wapi na goti hili. Wifi yako Sumeya anakusalimu. Amekaa mlangoni anapanga vifungo vyake, kazi yake ya kila siku. Ametimiza miaka ishirini na miwili na bado akifika vifungo vitano anaanza upya, lakini hana ugomvi na mtu. Nimeshazoea.

Munyao ananiambia alimwona Irshad mgongoni kwako. Mtoto wa miaka miwili na nusu wa kubebwa hivyo? Mshushe atembee. Sisemi zaidi, utaniambia mama mkwe hana breki.

Nina neno moja dogo. Kile kichupa cha wanja nilichokupa siku ya arobaini ya Irshad, niazime. Kuna mtoto wa hapa Majengo anatolewa nje wiki ijayo na wanja wangu umekwisha. Mpe Munyao kichupa chenyewe, chote, usipunguze. Nitakurudishia.

Uthman akitoka kazini Garissa mwambie nyumba ya mama yake haijahama.

Ni mimi mama yako,
Waridi


Gatongora, Ruiru
9 Machi 1996

Mama,

Waalaykum salaam. Nisamehe kwa kunyamaza. Nimepata kazi ya kushona sare za shule mbili, nakanyaga cherehani mpaka miguu inakufa ganzi, na Irshad hashuki mgongoni. Si kwamba namdekeza. Nikimshusha analia, anashika tumbo. Choo hapati siku nne, tano. Na kuna jambo ambalo sijamwambia Uthman, nakuambia wewe: yale maneno aliyokuwa nayo yamepungua. Alikuwa anasema "maji", anasema "baba", hata jina la Ngendo jirani yetu alilijua. Sasa ananyoosha mkono tu. Ngendo ananipa moyo, anasema, "Aii, mama Irshad, watoto wa kiume huchelewa, wangu alianza kuongea akienda nasare." Lakini wake hakuwa ameanza halafu akaacha.

Mama, ulisikia redio? Wametangaza kwamba ile mikebe ya wanja, ile ya Nuru ya Macho yenye kifuniko chekundu, irudishwe dukani yote. Wameipima wakakuta ina madini ya risasi, yale yanayowekwa kwenye betri za gari, na mtoto akipakwa yanaingia mwilini na hayatoki. Mama mmoja wa hapa nyuma alikuwa nayo miwili, ameirudisha siku hiyo hiyo. Mimi nilimshukuru Mungu. Niliwaambia wenzangu msikitini kwamba wanja wa mwanangu haujui mkebe: ni wa jiwe alilokuja nalo marehemu baba mkwe kutoka Hijja mwaka wa sabini na mbili, na mama mkwe wangu amelitwanga kwa mkono wake. Walinionea wivu.

Nimekutilia kidogo kwenye karatasi, kinamtosha mtoto wa arobaini. Kichupa nimebaki nacho, usikasirike. Macho ya Irshad yamefifia, na kwa kuwa dawa za duka hazisaidii, nampaka asubuhi na jioni sasa.

Mwanao,
Firdaus


Majengo, Thika
13 Machi 1996

Mama Irshad,

Nilisema kichupa. Sikusema karatasi.

Si wewe peke yako. Nimezunguka nyumba saba kwa goti hili, nimesema niazimeni wanja, mvua inakuja, nihurumieni. Hakuna aliyeninyima, la. Kila mmoja ameingia ndani akaniletea wanja kidogo kwenye kipande cha gazeti na kikombe cha chai. Nimerudi nyumbani na vikaratasi saba na tumbo limejaa chai. Ukarimu huu wa nusu nusu watu wa Majengo waliusomea wapi? Zamani mtu ukimwazima kinu anakupa na mchi.

Nisikilize. Usimpake Irshad tena. Mtoto akishapita miaka miwili hapakwi, ndivyo tulivyofanya siku zote. Mpe Munyao kichupa Jumamosi, kikiwa na chochote kilichobaki. Usiniulize mambo mengi. Mimi ni mtu mzima na nimechoka.

Mpe uji wa wimbi na mapapai kwa hilo tumbo.

Waridi


Gatongora, Ruiru
20 Machi 1996

Mama,

Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta nilipokukosea.

Zawadi ya arobaini hairudishwi. Wewe ndiye uliyenifundisha hivyo, ukiwa umemshika Irshad magotini, ulisema wanja huu ni dua na anayeudai anaidai dua yake. Leo unaidai kila wiki. Na ati mtoto wa miaka miwili hapakwi! Mama, wakati Uthman ananioa Sumeya alikuwa mtu mzima na wewe ukimpaka wanja siku za Idi. Kama kosa ni kuhama Majengo, sema. Kama ni maneno yale tuliyoambiana wakati wa Ramadhani juu ya mimi kufanya kazi, sema pia. Lakini usimwondolee mtoto dua wakati huu.

Kwa sababu Jumapili Irshad alianguka. Alikuwa amekaa sakafuni, macho yakageuka, mwili ukakakamaa, povu likamtoka. Nilimkimbiza zahanati bila viatu. Nesi wa pale anaitwa Rachael, mama mwenye subira. Alipotulia mtoto, aliniketisha akaniuliza vitu vyote vya nyumba yangu kimoja kimoja.

"Mama Irshad, fikiria pole pole. Mafuta ya taa unaweka wapi?"

"Juu ya kabati."

"Rangi ya ukuta inatoka? Anakula mchanga? Kuna dawa ya panya?"

"Hapana. Hapana."

"Na wanja? Nyinyi huwa mnapakia watoto."

"Wa mkebe hatujawahi," nikamwambia. "Hata siku moja."

"Sawa. Basi hiyo tunatoa," akasema, akaipiga mstari kwenye orodha yake.

Nilijisikia vizuri kidogo, mama, nikijua kuna angalau kitu kimoja katika nyumba hii ambacho hakina lawama. Turudi Jumatatu. Wasipojua ni nini, watatupeleka Nairobi. Hanyanyui kichwa. Nampaka mara tatu kwa siku nikimsomea.

Firdaus


Majengo, Thika
20 Machi 1996, Jumatano

Firdaus,

Munyao amesimama nje, nimemwomba arudi Ruiru sasa hivi hata kama mkate haujaisha. Amekubali.

Usimpake. Hata mara moja. Mwoshe macho kwa maji safi na kitambaa, kitambaa ukitupe. Chukua kichupa umpelekee yule nesi leo hii, mwambie umekosea, afute ule mstari aliouchora.

Wanja huo ni wa mkebe.

Jiwe lilikwisha mwaka wa tisini na mbili. Wamama waliendelea kuja kila arobaini, Bi Waridi tunaomba wanja wa Hijja, nami sikuweza kufungua mdomo niseme umekwisha. Ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho ambacho mtu mwingine hakuwa nacho. Nikawa nanunua Nuru ya Macho kule Nairobi, nachemsha vichupa vya dawa ya sindano, namimina. Ni watoto kumi na wawili. Irshad ni mmoja wao.

Redio niliisikia siku mbili kabla sijakuandikia barua ya kwanza. Nilitaka nivirudishe vyote bila mtu kujua. Nilisema nikiazima hakuna atakayeninyima mzee mimi.

Nampa Munyao mkebe mmoja, na punje ya mwisho ya lile jiwe niliyokuwa nimeificha kwenye sanduku. Nesi apime vyote viwili. Ataona jiwe la marehemu halikuwa na ubaya. Ubaya ni wangu, tangu lilipokwisha.

Niandikie. Hata neno moja.

Waridi


Gatongora, Ruiru
17 Aprili 1996

Bi Waridi,

Umetuma salamu kupitia kwa Munyao mara saba. Nilizipata zote.

Tulikaa Nairobi siku kumi na tisa. Walimtoa Irshad damu wakaipima, daktari akatoka na karatasi akaniuliza kama baba yake anatengeneza betri nyumbani. Walimwekea dawa ya kuvuta risasi kwa mshipa, siku tano, wakapumzisha, siku tano tena. Alilia mpaka sauti ikakatika. Sasa tuko nyumbani. Tumbo limetulia. Hajakakamaa tena. Anasimama akishika kiti, na akiachia anatembea, lakini analemea upande mmoja na kuanguka. Maneno hayajarudi. Nilimuuliza daktari yatarudi lini, akasema tutajua akifika umri wa shule. Yaani nikae hivi miaka minne.

Kutoka barua yako ya kwanza mpaka ile ya mwisho ni siku kumi na nne. Nimezihesabu. Nilimpaka mara mbili kwa siku, kisha mara tatu, na kila mara nilikuwa nakuombea wewe heri. Ungeandika mstari mmoja tu tarehe sita. Ningekasirika, ningepiga kelele, Uthman angekuja kugombana, na yangeisha. Lakini uliona afadhali niseme nilivyosema mbele ya nesi, kwamba hatujawahi.

Sasa lile jiwe. Nilifikiri nisikuambie. Nimechoka, nikasema mwache mzee na jiwe lake. Halafu nikaona kunyamaza ndiko kulikotufikisha hapa.

Nesi Rachael alilituma kwa wapimaji pamoja na mkebe. Jumatatu alikuja mwenyewe kwangu kwa miguu, akaketi kwenye kitanda kwa sababu kiti kilikuwa na sare. Alisema, "Mama Irshad, sijui utamwambia aje huyo mama. Mkebe iko na risasi kidogo. Hii jiwe ndiyo risasi yenyewe."

Kwa hivyo si watoto kumi na wawili. Ni wote uliowapaka tangu mwaka wa sabini na mbili.

Uthman anajua. Amesema usije kwanza.

Firdaus


Majengo, Thika
27 Aprili 1996

Mwanangu,

Nakuita hivyo, ukitaka ufute.

Barua yako nimekaa nayo siku tatu. Nilitaka kusema nesi amekosea. Nilimtafutia kosa kila mahali, nikasema labda walichanganya, labda mkebe ulimwagikia jiwe ndani ya gari la Munyao. Marehemu alilifunga jiwe lile kiunoni safari nzima, akashuka nalo akiwa amekonda, akaniwekea mkononi kabla hajanywa maji. Sasa nimwambie nini huko aliko? Hakujua. Mimi pia sikujua, hilo la jiwe. La mkebe nilijua.

Alhamisi, baada ya darasa la wanawake msikitini, nilisimama. Sijawahi kusimama mbele za watu kusema langu. Nilisema yote: jiwe lilikwisha, nilimimina mikebe, nilidanganya, na jiwe lenyewe ni sumu kuliko mikebe. Nikasema kila mwenye kichupa akilete, na kila aliyepakwa akapimwe.

Wajua walifanya nini? Walinihurumia. Mmoja alinishika mkono akaubusu, akasema, "Bi Waridi, pumzika, umepatwa na mtihani wa mjukuu." Mwingine akasema, "Jiwe la Maka liwe sumu? Hao wanataka tuache mambo yetu tu." Nikasikia nyuma, "Ni uzee. Haki ya Mungu, ni uzee." Nilipowadanganya kwamba naazima, kila mtu alinipa kidogo. Nilipowaambia kweli, nimepata kichupa kimoja. Kumi viko manyumbani, na wanavitunza kuliko mwanzo, kwa sababu sasa wamejua hakutakuwa na vingine. Mdogo wa watoto wale ana miezi mitano, kitinda mimba wa mama Salim, anapakwa kila akiogeshwa. Nimeenda kwake mara mbili. Mara ya pili alinifungia mlango kwa adabu.

Nimeenda kwa imamu, ameahidi kusema Ijumaa. Lakini wanaume ndio watakaosikia, na wanja hauko mikononi mwa wanaume.

Kuna jambo lingine. Sumeya alizaliwa mwaka wa sabini na nne. Ndiye wa kwanza kuzaliwa kwangu tangu baba yake arudi Hijja, kwa hivyo nilimpaka kuliko watoto wote wa Majengo. Kila siku, mpaka alipofika miaka sita, walimu waliponirudishia wakisema hashiki kitu. Nilisema ni kudra. Muulize nesi. Au usimuulize. Andika chochote utakachoona.

Sasa nakuja kwa ninaloomba, na najua ninaloomba. Mlete Irshad. Maneno yangu wameyakataa, na wana haki, niliyachafua mwenyewe. Lakini walimwona mtoto yule siku ya arobaini yake, na walimwona Idi ya mwaka jana akimkimbiza kuku hapa uani. Wakimwona alivyo leo wataamini. Ukikataa sitakulaumu, na sitauliza mara ya pili.

Waridi


Gatongora, Ruiru
1 Mei 1996

Mama,

Leo ni sikukuu ya wafanyakazi na Munyao bado anauza mkate na mimi bado nashona. Sijui sikukuu ni ya nani.

Nilimuuliza nesi Rachael kuhusu Sumeya. Aliniuliza alizaliwa lini, akahesabu kwa vidole. Akasema miaka imepita mingi, haiwezi kujulikana sasa kama ni wanja au ni kitu kingine. Nimekuandikia alivyosema, sikuongeza wala kupunguza.

Barua yako nilimsomea Uthman. Alisema hapana, mwanangu si picha ya kuonyeshwa watu. Na mimi nilisema hapana. Nilikuwa nimekasirika hata nikachana mkono wa sare nikaushona upya. Nani mwingine anaombwa hivi? Nimekesha naye, nimemlisha kwa kijiko, sasa nimpeleke akakaguliwe na wanawake walioniita mwenye bahati! Siku tatu nilisema hapana. Tatizo ni yule wa miezi mitano. Kila nikitia uzi kwenye sindano namfikiria amelazwa baada ya kuogeshwa, ananuka sabuni, na mama yake anafungua kichupa. Sijui hata kama ni msichana au mvulana. Siwezi kushona.

Tutakuja Jumamosi, baada ya adhuhuri. Waite wote kumi, na mama Salim mwambie nimesema mimi Firdaus namwomba. Mpe Munyao jibu kama atakataa, nitapitia nyumbani kwa mama Salim kwanza.

Nisikilize tutakavyofanya. Usimvalishe kanzu, usimpikie chochote cha kumnyamazisha. Nitamweka katikati ya mkeka na nitamwachia. Atatembea, ataanguka, kama kawaida yake anaangukia kushoto, na mtu asimnyanyue, hata wewe. Nitamwita jina lake, wasubiri waone inachukua muda gani kabla hajageuka. Kisha nitamuuliza anataka nini, naye atanyoosha mkono. Nimemwambia Uthman akae nje. Hataweza kuona.

Sijakusamehe, mama. Nasema mapema ili usinitazame usoni ukitafuta msamaha mbele za watu. Labda utakuja, labda hautakuja, sijui, nimechoka mno kujua.

Lakini kuna swali watakaloliuliza, na hilo usilijibu wewe. Wataniuliza ni nani aliyempaka. Nitawaambia ni mimi. Wewe ulileta kichupa, ila mimi ndiye niliyekuwa nikimshika kidevu asitikisike, kila asubuhi, nikijiona mama mzuri. Hilo hawatasema ni uzee.

Firdaus